Kitufe cha Rosalia na Saa ya Kisarawe

Ukifika Tumbi ukamuulizia Rosalia Nyanda, watakwambia ni yule dada anayegombana na kompyuta. Hawamsingizii. Hugombana nayo kwa sauti, tena kwa maneno ambayo mtu huwaambia ndugu zake tu. Siku moja mama mwenye nyumba wake, Mama Asteria, alishindwa kuvumilia, akagonga mlango.

"Rosalia mwanangu, huyo mwanaume mfukuze tu. Tangu asubuhi unamwambia nimekuelekeza mara ngapi, nimekuelekeza mara ngapi. Haelekezeki huyo."

"Si mwanaume, mama. Ni makro."

"Makro ndiye nani? Ana kazi?"

Ilibidi aelezwe, na wewe usiyejua nakueleza hapohapo ili tusirudi nyuma. Makro ni maagizo unayoiandikia kompyuta mara moja ndani ya lile jedwali la Excel. Ukishayaandika unaweka kitufe, mtu anabonyeza, na kazi ya asubuhi nzima inafanyika kabla hajameza mate. Mama Asteria alisikiliza yote, akaguna, akasema mwanaume angekuwa na nafuu.

Rosalia alikuwa karani wa muda kwenye ushirika mmoja wa wafugaji, wenye josho moja Magindu na jingine upande wa Kisarawe. Josho ni lile shimo refu la maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeshwa ili kupe wafe. Kazi yenyewe haina ugumu. Ugumu uko kwenye zamu. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakikamatana mashati kwa sababu ya zamu ya josho. Zamu zilikuwa zinaandikwa na karani mkuu, Castory, kwenye daftari lenye jalada jekundu, na akitaka kufuta jina alilamba kidole akasugua. Kwa mtindo huo kuna majina yaliyofutika hata kabla hayajaandikwa vizuri. Wenye majina hayo walidai kwamba walioleta maziwa ofisini hawakuwahi kufutika, lakini hayo mimi simo.

Rosalia aliliona daftari lile siku ya kwanza, mkono ukamwasha. Ndani ya miezi mitatu akawa ametengeneza kitufe chake. Ukikibonyeza, kinapanga zamu kwa haki, kinaangalia saa ya kompyuta, halafu anayesubiriwa kinamwandika kwa kijani WANAMSUBIRI, na aliyepitwa na muda wake kwa nusu saa kinamwandika kwa wekundu AMECHELEWA, zamu yake anapewa mwingine. Hakuna kulamba kidole.

Siku ya kwanza kilimchelewesha kila mtu. Kwa nini? Kwa sababu wafugaji waliandikisha saa kama tunavyozisema wote: saa tatu asubuhi wakaandika 3:00. Kompyuta nayo, kwa akili zake, ikajua hiyo ni saa tisa za usiku, na kwa kuwa kulishapambazuka, basi wote wamechelewa. Rosalia aliitukana hadi mchana, kisha akaongeza mstari mmoja wa kuijulisha kwamba saa yoyote iliyoandikwa na mfugaji iongezewe saa sita. Kikatulia. Akajisifu, na hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Kwenye kikao mwenyekiti wa ushirika, mzee Evodius, aliuliza kama hicho kitufe kitafanya kazi kwenye kompyuta nyingine. Rosalia akajibu, bila hata kufikiri, "Mashine yoyote, mwenyekiti."

"Yoyote?"

"Yoyote."

Evodius ni mtu wa kushika maneno. Mkataba wa Rosalia ulikuwa unaisha Alhamisi, tarehe thelathini na moja Julai, siku ambayo kamati ingekutana Kisarawe. Akamwambia hivi: "Ushirika una mashine nne. Utabonyeza kitufe chako kwenye zote nne mbele ya kamati. Kikikubali zote, unapata ajira ya kudumu. Kikigoma hata moja, tunarudi kwenye daftari, na wewe tunakushukuru. Ila hakuna kugusa mashine ya mtu. Gusa faili lako tu." Sharti hilo la mwisho lilikuwa na kisa: fundi wa mwisho kugusa mashine ya mwenyekiti alimfutia karibu picha zote za harusi ya binti yake, hata zile za keki.

Castory aliyasikia, na keshoyake akanunua kalamu mpya.

Sasa ujue kilichokuwa kinamnyima Rosalia usingizi si mshahara peke yake. Baba yake, Mzee Nyanda, ni mfugaji wa Magindu, Msukuma aliyehamia Pwani na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Rosalia alipotaka kusomea kompyuta, mzee alimuuza Shukurani. Shukurani alikuwa jike jekundu la maziwa ambalo majirani walikuwa wakija kulitazama tu. Jirani yake Jabiri alicheka mpaka akakaa chini. "Ng'ombe wa maziwa umebadilisha na cheti!" Na kwa miaka sita mizima, harusini, msibani, mnadani, popote walipokutana, Jabiri aliuliza swali lilelile kwa sauti ya kusikika: "Nyanda, Shukurani amezaa?" Watu wanacheka. Mzee Nyanda anacheka nao, akifika nyumbani hali chakula. Rosalia aliyajua yote hayo. Akirudi Magindu na barua ya kushukuriwa, Jabiri angeishi kwa kicheko hicho mpaka afe.

Kwa hiyo alijifungia na mashine.

Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe ya ofisini, Windows ya zamani na Excel ya mwaka 2007, kikongwe lakini kinatii. Ya pili ni Mac ya mwenyekiti, zawadi ya mkwewe, ambayo mwenyekiti huitumia sana kutazamia zile picha za harusi zilizopona. Kitufe kilifika kwenye Mac kikapotea njia. Kwenye Windows, njia ya kwenda kwenye faili huandikwa kwa mikwaju, vile vistari vya mshazari, iliyolalia nyuma, kwenye Mac inalalia mbele, na Rosalia alikuwa ameiandika njia kwa mkono wake. Aligombana nayo siku mbili ndipo akagundua kwamba kuna agizo la kuiuliza mashine yenyewe: je, wewe kwenu mkwaju unalalia wapi? Inajibu. Kumbe muda wote ilikuwa inasubiri kuulizwa tu.

Ya tatu ni laptopu ya Hamza, bwana mifugo. Hamza alichoshwa na virusi, akaitupa Windows akaweka Linux, na badala ya Excel anatumia LibreOffice, ambayo makro za Excel inazielewa nusu, nusu nyingine inakukodolea macho. Hapo Rosalia alipunguza mapambo. Alikuwa ameweka picha ya ng'ombe anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia wakati orodha inapangwa, naye akampenda mno. Kwenye mashine ya Hamza ng'ombe yule alikwama katikati, kila kitu kikakwama naye. Akamfuta. Nakuhakikishia aliumia, na hakuna aliyempa pole.

Ya nne ilikuwa Kisarawe kwa Mzee Mwinshehe, mtunza ofisi ya tawi. Ile ilikuwa na Excel mpya kabisa kuliko zote, ambayo baadhi ya maagizo ya zamani huyakataa mpaka uyaongezee neno moja la ruhusa. Rosalia alikuwa amelisoma hilo, akaliongeza mapema. Faili akalituma kwenye flashi, halafu akapiga simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti Nyanda."

"Faili limefunguka?"

"Limefunguka, tena vizuri."

"Na kitufe umekibonyeza?"

"Kitufe nimekiona. Kizuri sana, cha kijani."

Rosalia akashukuru, akakata simu, akaiwekea tiki mashine ya nne. Hebu niambie, mtu anayehoji mashine mpaka mikwaju inalala wapi, anashindwaje kumhoji binadamu mara ya pili? Lakini ndivyo alivyofanya.

Alhamisi ikafika. Ofisi ya Kisarawe iko kilimani, ina baridi ya asubuhi, na kamati ilishajaa: wanachama kumi na wawili, Evodius mbele, Castory na daftari kwapani. Mzee Nyanda, naye mwanakamati wa Magindu, alikuja amevaa koti lake la kanisani. Mwinshehe ni Mzaramo, na Mzaramo akimwona Msukuma ni utani mwanzo mwisho.

"Eh, Msukuma! Leo umevaa viatu? Au umeazima?"

"Nimekuja kuwatazama Wazaramo mkiamka. Saa tatu hii na mmeshaamka, mnaumwa?"

Wakashikana mikono wakicheka. Rosalia hakucheka. Alikuwa anapanga mezani zile mashine tatu zilizobebwa kuja Kisarawe.

Kwenye orodha ya majaribio aliwaandika wanakamati wenyewe, wa kwanza saa nne, wa mwisho saa saba. Akabonyeza kwenye mashine yake: kijani kitupu. Kwenye Mac: kijani. Kwenye laptopu ya Hamza: ikafikiri kidogo, kijani. Mzee Nyanda akakaa vizuri kwenye kiti.

Akaenda kwenye mashine ya Mzee Mwinshehe, akabonyeza.

Wekundu. Wote kumi na wawili, kuanzia juu mpaka chini: AMECHELEWA, AMECHELEWA, AMECHELEWA.

"Nimechelewa wapi?" Mzee Nyanda alisimama. "Zamu yangu saa nne, na mimi niko hapa tangu saa tatu kasorobo!"

Evodius alisogeza miwani, akasoma jina lake mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye hufika kikaoni kabla ya mwenye ufunguo. "Mimi," akasema taratibu, "nimechelewa?"

Castory akafunua daftari bila haraka. "Humu, mwenyekiti, hujawahi kuchelewa hata siku moja."

Rosalia alihisi masikio yakiwaka moto. Bahati yake, Mwanne, mama wa chai, alikuwa ndiyo kwanza anaingiza birika, na hakuna kamati duniani inayoamua jambo mbele ya birika. Evodius akasema, "Tunakunywa chai. Tukimaliza, tunaamua." Wakahamia barazani.

Rosalia akabaki na mashine. Lile neno la ruhusa lipo. Mikwaju ipo. Mstari wa kuongeza saa sita upo. Akawaza labda saa ya mashine ni mbovu, akatazama kwenye kona ya chini: 3:14. Saa tatu na dakika kumi na nne. Sawa kabisa. Akarudi kwenye maagizo. Akayasoma yote kuanzia mwanzo. Akatazama kona tena: 3:19. Sawa. Barazani vikombe vilikuwa vinagongana, na yeye akaanza kuinong'oneza mashine yale maneno ya Tumbi. "Nimekukosea nini? Wenzako watatu wamekubali. Wewe nani?" Machozi yalikuwa karibu. Alikuwa anamwona Jabiri kabisa, na mdomo wake wazi.

Akatoa simu atafute msaada mtandaoni. Wakati huohuo Mwanne akachungulia mlangoni.

"Mzee Mwinshehe, saa ngapi? Mihogo nimeiacha jikoni."

Mwinshehe, ambaye alikuwa amebaki kulinda mashine yake isiguswe, akageuka akatazama kioo. "Saa tatu na dakika ishirini na sita."

Rosalia akatazama simu mkononi. 9:26. Akatazama kompyuta. 3:26. Akarudi kwenye simu. Zote mbili zilikuwa zinasema saa tatu na dakika ishirini na sita, na zote mbili zilikuwa sahihi. Pembeni ya ile ya kompyuta kulikuwa na herufi mbili ndogo ambazo jicho lake lilikuwa limeziruka asubuhi nzima: PM.

"Mzee wangu," alisema polepole, "shikamoo."

"Ulishaniamkia."

"Saa ya mashine hii, nani kaiweka?"

"Nani mwingine? Mimi." Mwinshehe alivuta kiti, alionekana kuwa na hamu ya kusimulia jambo hili siku nyingi. "Ililetwa hapa miaka minane iliyopita. Mimi nakunywa chai ya saa tatu, yenyewe imeandika tisa. Nikasema, hii imetoka safari, imechoka. Nikaisukuma mbele mpaka ikasema tatu. Tangu siku hiyo haijanidanganya. Na sikiliza uzuri wake: magharibi ikiingia tu, inabadilisha tarehe. Usiku wa Ijumaa si unaingia Alhamisi jioni? Basi nayo inajua. Wajuzi wote wanapita hapa, hakuna aliyewahi kusema imekosea."

Na kweli nani angesema? Kila aliyeingia alisoma tatu akasema saa tatu, akaenda zake. Mashine yenyewe haikuunganishwa na mtandao, kwa hiyo hata huko nje hakuna aliyeirekebisha. Saa tatu asubuhi ya Mwinshehe kwa kompyuta ilikuwa saa tisa alasiri. Bila shaka wote walichelewa.

Rosalia alikuwa na njia rahisi, na nakwambia ukweli, aliitamani. Angetoka barazani aseme: kitufe changu kizima, saa ya mzee ndiyo mbovu. Wangemcheka Mwinshehe mpaka Idi. Akafika hata mlangoni. Mwinshehe alikuwa anaifuta vumbi mashine yake kwa kitambaa, kwa upole, kama anamfuta mtoto pua. Na orodha iliyokuwa kwenye kioo, aliyoiandika Rosalia kwa mkono wake, ilisema 4:00 mahali pa saa nne. Sasa mbovu ni nani hapo? Yeye na Mwinshehe walikuwa wamefanya jambo lilelile, mmoja kwenye jedwali, mwingine kwenye saa. Isitoshe alishasema mashine yoyote.

Akarudi akakaa. Mac aliiuliza mikwaju. Hii nayo ataiuliza, au tuseme atamuuliza mwenye mashine. Akaandika mistari minne: kabla ya kufanya chochote, kitufe kimuulize mtu swali, na akijibu ndiyo, saa ya mashine ipunguzwe saa sita. Alikuwa anaweka nukta ya mwisho wakati Evodius anaingia na kijiti mdomoni.

"Haya, binti Nyanda."

"Naomba baba abonyeze," Rosalia alisema.

Mzee Nyanda akaja na koti lake. Hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Alikikandamiza kitufe kwa dole gumba, kwa nguvu, kama anayetia saini ya dole kwenye hati ya shamba. Swali likatokea kwenye kioo, naye akalisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Saa ya mashine hii ni ya Kiswahili?"

Watu wakasogea kutazama kioo.

"Sasa itakuwa ya nani?" Mwinshehe aliuliza kwa hasira.

"Ndiyo," akasema Mzee Nyanda, akabonyeza.

Kijani. Kuanzia juu mpaka chini, na mwenyekiti hakuchelewa. Wakarudia kwenye zile tatu, wakajibu hapana, kijani tena. Hamza alipiga makofi. Castory akainua kalamu yake mpya.

"Na mtu akijibu uongo?"

"Kaka Castory," Rosalia alisema, "hata daftari lako halikuwahi kumbishia mtu."

Kicheko kilichotoka hapo kilimfukuza paka wa ofisi. Castory mwenyewe mwisho alicheka, akamwazima Evodius kalamu.

Lakini kamati ni kamati. Walijadili ajira ya Rosalia mpaka alasiri, wakajadili na mambo mengine ambayo hayakuwemo, kisha Mwinshehe akapewa kazi ya kuchapa barua. Anachapa kwa vidole viwili, na kimoja kina mashaka. Alipoitoa kwenye printa, adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika. Evodius akaipokea, akakunja uso.

"Mzee Mwinshehe, hii imeandikwa Ijumaa, tarehe mosi Agosti. Leo Alhamisi."

"Jua liko wapi?"

"Limezama."

"Basi ni Ijumaa. Mimi sikuandika, mashine imejiandikia."

Evodius akataka kuirudisha. Rosalia akaidaka. Mkataba wa zamani uliisha tarehe thelathini na moja, barua mpya tarehe mosi. "Iache hivyohivyo, mwenyekiti. Haijaruka hata siku moja." Evodius akafikiri, akatia saini.

Rosalia alimpa baba yake barua kwa mikono miwili. Mzee aliisoma yote chini ya taa ya baraza, akaikunja, akaikunjua, kisha akatoa simu yake ndogo, akapiga Magindu. Aliweka spika makusudi.

"Jabiri."

"Naam, Nyanda! Vipi huko?"

"Lile swali lako la miaka sita, niulize."

Upande wa pili Jabiri akacheka. "Haya. Shukurani amezaa?"

"Amezaa."

"Wee! Amezaa lini?"

Mzee Nyanda alinyoosha mkono, akaisogeza barua kwenye mwanga, akaitafuta tarehe.

"Kesho," akasema, akakata simu.